Kidonda cha upasuaji kimetunga usaha: hospitali inalazimika kumwambia nani?

Msomaji mmoja wa pwani ya Kenya ameniandikia, nami nimeifupisha barua yake:

"Mke wangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya kaunti yetu. Alitoka siku ya tatu akiwa mzima. Siku ya sita kidonda kikaanza kutoa usaha, na homa ikampanda. Tulirudi, akalazwa siku tisa, kidonda kikafunguliwa na kusafishwa, tukaandikiwa bili nyingine. Nilipouliza ameyapata wapi haya, niliambiwa ni usafi wa nyumbani. Je, hakuna sheria inayowalazimisha kuripoti jambo kama hili? Kwa nani? Na akishika mimba tena nitajuaje hospitali iliyo salama?"

Pole sana ndugu yangu, na umfikishie shemeji pole zangu. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka mingi kabla sijawa mratibu wa kuzuia maambukizi, kwa hiyo hayo maneno ya "usafi wa nyumbani" nayajua vizuri. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, wakati ule nikidhani nasema kweli.

Kwa shemeji, sheria ipo, tena ni ya zamani kuliko hospitali nyingi tulizonazo. Lakini lau mgonjwa angekuwa baba yako mzee aliyewekewa chuma kwenye nyonga, kidonda chake kikatunga usaha vilevile, ningekujibu kwamba haipo. Tofauti hiyo inashangaza, na ukiielewa utaelewa pia kwa nini uliporudi hospitalini hakuna aliyeshtuka.

Sheria yenyewe ni ile ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya sheria za Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1921. Kifungu cha 17 kina orodha ya magonjwa ambayo ni lazima yaripotiwe: kimeta, kipindupindu, dondakoo, tauni, ukoma, kichaa cha mbwa, malale, homa ya manjano, kifua kikuu na mengineyo. Hata ndui, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa imetokomezwa, imeachwa humo kama mzee ambaye hakuambiwa kuwa kikao kimekwisha. Daktari akiugundua mmoja wa magonjwa hayo anatakiwa kupeleka taarifa kwa afisa wa afya bila kukawia.

Ukiisoma orodha hiyo kwa utulivu utaona inamwogopa nani. Inamwogopa mtu anayekuja na ugonjwa: baharia, msafiri, mpangaji wa chumba kilichosongamana. Waliotunga sheria walikuwa na kumbukumbu ya Nairobi ya 1902, wakati soko la Wahindi lilipochomwa moto kwa sababu ya tauni. Kwao hospitali ilikuwa ngome, na hatari ilikuwa nje ya lango. Ugonjwa ambao mtu ameingia hospitalini bila nao akatoka nao haukuwa na mahali pa kuandikwa, ila mmoja nitakaoufikia.

Usidhani hilo lilibadilika tulipopata kompyuta. Mwaka 1998 nchi za Afrika zilikubaliana chini ya Shirika la Afya Duniani kuwa na mfumo mmoja wa kufuatilia magonjwa, na Kenya inautumia hadi leo. Kila wiki vituo vyetu hujaza fomu iitwayo MOH 505, yenye kipindupindu, surua, mtoto aliyepooza ghafla, kimeta na kadhalika. Kifo cha mama mzazi kinatakiwa kiripotiwe ndani ya saa 24. Kidonda cha mama mzazi kinachotoa usaha hakina kisanduku. Nisamehe kwa kusema wazi: mfumo ungemwona shemeji kama angefariki. Kwa kuwa alipona, yeye ni mgonjwa wa kawaida aliyerudi kusafishwa kidonda.

Angalia jirani zetu Rwanda. Tarehe 27 Septemba 2024 walitangaza mlipuko wa Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola. Hadi unatangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 kufariki, na karibu wanane kati ya kila kumi walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa hospitali za Kigali. Huo ulikuwa ugonjwa wa wodini hasa. Dunia nzima ilipata habari zake mara moja kwa sababu Marburg imo kwenye orodha: kanuni za kimataifa za afya za mwaka 2005 zinaipa nchi saa 48 kupima uzito wa tukio la namna hiyo, kisha saa 24 kulitolea taarifa. Muuguzi akipata Marburg wodini, Geneva, makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, inajua. Mama akipata bakteria sugu kwenye wodi hiyohiyo na kitanda hichohicho, anayejua ni muuguzi wa zamu na mumewe aliyetumwa duka la dawa.

Sasa turudi kwenye ile orodha ya 1921, maana kuna kitu kimejificha humo ambacho wanasheria wengi huruka. Katikati ya magonjwa ya kutisha wameandika homa ya uzazi, na wakaifafanua kwa upana: sumu ya bakteria kwenye damu, usaha uliosambaa mwilini, maambukizi ya nyonga, au hali nyingine mbaya ya maambukizi inayompata mwanamke katika siku za uzazi. Huo ni ugonjwa wa hospitali kuliko wote. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alipekua daftari za wazazi akaona kwamba wanaozalishwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walikufa kwa wingi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Mwezi wa Aprili mwaka huo, katika wodi ya madaktari, walikufa asilimia 18.3. Katikati ya Mei akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini, na Juni wakafa asilimia 2.2. Wenzake walikasirika, na si vigumu kuona kwa nini: hesabu yake ilikuwa inasema mikono yao ndiyo iliyoua. Miaka zaidi ya sabini baadaye, ugonjwa huo ukaingia kwenye sheria za makoloni ya Waingereza, na kwetu haukuondolewa.

Je, kilichompata shemeji kinaingia humo? Maoni yangu ni kwamba, kwa homa, usaha, kidonda kufunguliwa tena na siku tisa za kulazwa, ndiyo. Mwanasheria wa hospitali atabisha kwamba maambukizi ya ngozi ya tumbo si homa ya uzazi, na kama usaha ungekuwa wa juujuu bila homa ningekubaliana naye. Yote yatategemea kilichoandikwa kwenye faili: yalikuwa ya juujuu, yalishuka hadi kwenye misuli, au yalifika kwenye mfuko wa uzazi? Lakini nisikudanganye kuhusu matumizi ya kifungu hicho. Kwa miaka yote niliyokuwa kazini sikuona hata mara moja taarifa ikipelekwa kwa afisa wa afya ya umma kwa sababu ya kidonda cha upasuaji wa uzazi.

Kuhusu "usafi wa nyumbani". Wanaofuatilia maambukizi ya hospitali duniani wana kanuni ambayo haimwachii mtu nafasi ya kukisia: maambukizi ya kidonda cha upasuaji yakitokea ndani ya siku 30 tangu siku ya upasuaji, yanahesabiwa kuwa ya upasuaji huo. Mgonjwa aliyewekewa kitu mwilini, kama chuma cha nyonga, hufuatiliwa hadi siku 90. Siku ya sita haina ubishi. Sababu ni kwamba mbegu za maambukizi mengi ya vidonda hupandwa ngozi ikiwa wazi, kwenye meza ya upasuaji, halafu usaha huchukua siku kadhaa kuonekana. Kwa kuwa mama hutoka siku ya tatu, usaha huonekana akiwa kwake, na nyumba yake ndiyo inayobebeshwa lawama. Hospitali inayohesabu wagonjwa walio wodini peke yao itajikuta safi siku zote.

Hata hivyo, usichanganye kuhesabiwa na kuhukumiwa. Maambukizi kutokea hakuthibitishi kuwa kulikuwa na uzembe. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi, na kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji huambukizwa kidonda. Ripoti yake ya 2022 ilikadiria kuwa kati ya kila wagonjwa 100 waliolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi kama zetu hupata angalau ambukizo moja hospitalini. Mkienda mahakamani mtatakiwa kuonyesha kwamba kuna jambo lililopaswa kufanywa ambalo halikufanywa.

Miongozo ya kitaifa ya kuzuia maambukizi tunayo tangu 2010, na inataka kila hospitali iwe na kamati ya kazi hiyo. Kamati nimekaa nazo nyingi. Katika hospitali moja nilianza kuandika daftari la vidonda, nikawa nawapigia akina mama simu siku ya kumi na siku ya thelathini. Baada ya miezi mitatu niliipeleka hesabu kwenye kikao. Mwenyekiti aliitazama, akaigeuza karatasi uso chini, akaniuliza, "Sista, unataka tufungwe?" Simlaumu sana. Hospitali nyingine hazikuwa zinahesabu, kwa hiyo sisi tuliohesabu ndio tungeonekana wachafu. Mwongozo hauwezi kuvunja woga wa aina hiyo. Sheria inayomlazimisha kila mmoja kuhesabu, ndiyo inayoweza.

Kuna waliojaribu. England ililazimisha hospitali za umma kuanzia 2001 kuripoti kila mgonjwa ambaye bakteria sugu wa MRSA wameingia kwenye damu yake, na takwimu zikawa zinatangazwa hospitali kwa hospitali. Mwaka 2004 serikali ikataka idadi ishuke kwa nusu kufikia 2008, na sheria ya 2006 ikaleta kanuni za usafi zinazokaguliwa. Wagonjwa walikuwa 7,700 katika mwaka wa 2003/04, wakawa 2,935 katika mwaka wa 2008/09. Lakini Waingereza haohao walijifunza kwamba kujaza fomu hakutoshi. Katika hospitali za Maidstone na Tunbridge Wells, huko Kent, mlipuko wa kuhara kwa bakteria aitwaye Clostridium difficile wa mwaka 2005 ulipita bila uongozi kuutambua, ukaja mwingine 2006. Uchunguzi uliotolewa Oktoba 2007 ulikadiria vifo kama 90. Wakati huo kuripoti bakteria huyo kulikuwa lazima. Namba zilikuwepo, ila waliokuwa na mamlaka ya kuongeza wauguzi na kutenga vitanda hawakuzisoma kama habari ya watu.

Marekani ilienda njia nyingine, jimbo kwa jimbo. Mfano ninaoupenda ni Pennsylvania, ambako sheria ya 2007 ilitamka kwamba ambukizo lililopatikana hospitalini ni tukio zito. Maana yake, kwa sheria nyingine waliyokuwa nayo tangu 2002, mgonjwa lazima aandikiwe barua ndani ya siku saba. Tuseme shemeji angejifungulia huko: mngeletewa barua inayosema kuna ambukizo limetokea katika huduma tuliyokupa. Kuhusu ile bili ya pili, bima ya serikali yao ya wazee iliacha tangu tarehe 1 Oktoba 2008 kulipa gharama za ziada za baadhi ya maambukizi ya hospitali. Hayo ni machache, na kidonda cha kujifungua hakimo, lakini wazo lenyewe ni kwamba aliyesababisha asilipwe mara mbili. Kwetu hospitali hulipwa kwa kazi iliyofanyika, hata kazi yenyewe ikiwa ni kusafisha kidonda kilichoambukizwa kwenye meza yake.

Ufanye nini? Anza na faili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa shemeji haki ya kupata taarifa zake mwenyewe, kwa hiyo aombe yeye, kwa maandishi, au akupe idhini iliyosainiwa. Ombeni maelezo ya upasuaji, karatasi ya dawa za usingizi, chati ya dawa na majibu ya maabara ya usaha. Ukizipata, tafuta nyakati mbili: saa aliyochomwa dawa ya kuzuia maambukizi, na saa kisu kilipogusa ngozi. Dawa inatakiwa itangulie, si zaidi ya dakika 120 kabla ya kukata. Wengine wanaendelea na mtindo wa zamani wa kungoja kitovu cha mtoto kibanwe kwanza, lakini Shirika la Afya Duniani linataka hata kwa mama anayejifungua itolewe kabla ya kukata. Na ikiwa mliambiwa mnunue wembe ili anyolewe, liandike hilo. Wembe huacha mikwaruzo ambamo bakteria hujificha, na kunyoa kabla ya upasuaji kumekatazwa na miongozo ya dunia kwa lugha kali. Angalia pia kama usaha ulipelekwa maabara kuoteshwa au mliandikiwa dawa kwa kubahatisha.

Halafu andika malalamiko kwa msimamizi mkuu wa hospitali. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa, na lalamiko lishughulikiwe kabla ya miezi mitatu kupita. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Usiandike kwa hasira. Uliza mambo matatu: je, ambukizo hili limeandikwa katika kumbukumbu za kamati ya kuzuia maambukizi? Je, lilipelekwa kwa afisa wa afya ya umma kwa kifungu cha 17 na 18 cha Sura ya 242, na kama halikupelekwa, ni kwa nini? Je, katika miezi kumi na miwili iliyopita ni akina mama wangapi waliopasuliwa walirudi na kidonda chenye usaha ndani ya siku 30? Nakala nyingine ipeleke mwenyewe ofisi ya afya ya umma ya kaunti. Yule wa ofisini anaweza kushangaa kifungu kinachotajwa. Mwachie akisome.

Swali la tatu ni la takwimu, halimtaji mgonjwa yeyote, kwa hiyo siri ya wagonjwa haiwezi kuwa kisingizio. Hospitali ya kaunti ni chombo cha umma, na chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Hospitali ya binafsi nayo inaweza kubanwa na sheria hiyo inapokuwa na habari zinazogusa afya na usalama wa umma. Wakikunyima au wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala hupokea rufaa. Ikionekana kuna daktari aliyeacha wajibu wake, lalamiko huenda kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Na kama mnafikiria mahakama, msilale: kesi ya madai ya namna hii ina miaka mitatu, lakini dhidi ya serikali ni miezi 12 tu, na miezi 12 huisha upesi kwa wenye mtoto mchanga. Muoneni wakili mapema hata kama hamjaamua.

Umeuliza nitajuaje hospitali iliyo salama. Hakuna bango wala tovuti utakayofungua ukakuta hospitali za kaunti yako zimepangwa kwa idadi ya vidonda vilivyotunga usaha. Kwa hiyo nenda kliniki ya wajawazito mapema, umwombe muuguzi msimamizi wa wodi ya uzazi, na umuulize mambo ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa kubuni. Dawa ya kuzuia maambukizi mnampa mama kabla ya kukata au baada? Mkishampasua, mnamwandikia siku saba za dawa, au hakuna haja? Pale hospitali ya Thika, walipoihamisha dawa kutoka baada ya upasuaji kwenda kabla yake, maambukizi ya juujuu ya vidonda yalipungua na dawa nyingi zikaokolewa. Msimamizi anayejua hilo atakujibu bila kumeza mate. Nani anampigia mama simu akishafika nyumbani, na siku ya ngapi?

Akikuonyesha daftari, hata kama lina majina mengi ya waliopata usaha, mimi ningekushauri umpeleke mke wako hapo kabla ya kumpeleka kwa yule anayesema, "Hapa kwetu hayo hayatokei."